Simba Saba Katika Sanduku la Bati

Chini ya kitanda changu bwenini kuna sanduku la bati la rangi ya buluu, lile lile nililokwenda nalo shule ya bweni nilipoanza kidato cha kwanza. Wenzangu wa chumbani walipoliona mara ya kwanza walidhani nimeficha siagi ya simsim kutoka nyumbani, wakaniomba niwaonjeshe. Nilipofungua kufuli walikuta kaseti moja kubwa ya video na diski sita, kila moja imefungwa kwa nailoni. Mmoja wao akazisoma alama nilizoziandika, kisha akaniangalia kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Zote saba ni The Lion King?"

"Zote saba."

"Ile katuni ya watoto?"

"Hiyo hiyo."

Tangu siku hiyo wananiita Mama Simba. Sikuwaeleza sababu, kwa kuwa maelezo yenyewe ni marefu na yanaanzia nyumbani kwetu Koboko, kabla sijazaliwa. Insha hii ndiyo maelezo niliyowanyima.

Filamu yenyewe mnaijua. Kampuni ya Disney iliitoa mwaka 1994, ikiongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, na inachukua dakika 88. Watengenezaji wake walizuru Kenya kabla ya kazi kupamba moto, wakatazama miamba ya Hell's Gate na wanyama wa mbugani, na katika filamu yao wakatia maneno ya Kiswahili. Ndiyo maana simba anaitwa Simba, nyani mganga anaitwa Rafiki, ngiri asiyejaliwa akili nyingi anaitwa Pumbaa, na mama yake Simba anaitwa Sarabi, neno ambalo kamusi zetu hulieleza kuwa ni mazigazi. Mwanafunzi wa Kiswahili akiitazama huona kama msamiati wake umeota mikia.

Nakala ya kwanza ni kaseti. Mjomba wangu, aliyekuwa utingo wa malori ya kwenda Nairobi, aliinunua huko kwenye lundo la mitumba akatuletea mwaka 2008, nikiwa na miaka sita. Ni ile iliyotoka mwaka 1995, yenye kasha nene la plastiki, na hutajwa kuwa miongoni mwa kaseti za video zilizouzwa kwa wingi zaidi duniani. Ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Siku hizo hatukujua kwamba Marekani ilitumia mfumo wa picha uitwao NTSC ilhali televisheni zetu zilifuata mfumo wa PAL. Tulichojua ni kwamba Baba alipowasha jenereta na kuisukuma kaseti ndani ya mashine, simba walitoka weusi na weupe, na picha ikawa inapanda juu, inapanda juu, bila kutulia. Sauti tu ndiyo iliyokuwa nzima. Watoto wa majirani walikuja, wakakaa kidogo, wakaenda zao. Mimi nilibaki. Baada ya miezi michache mashine iliutafuna utepe, na kaseti ikawa pambo la kabati.

Nakala ya pili ni VCD. Baba aliinunua Arua alipokwenda kutafuta mabati ya nyumba, mwaka uliofuata. VCD moja haibebi zaidi ya dakika 80 hivi, kwa hiyo filamu ya dakika 88 hugawanywa katika diski mbili. Tulipofungua kasha tulikuta diski mbili kama kawaida. Tuliweka ya kwanza tukatazama, safari hii kwa rangi, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba jua la mwanzo wa filamu ni jekundu. Ilipokwisha tukaweka ya pili. Jua lile lile likachomoza tena. Kasha lilikuwa na diski ya kwanza mara mbili.

Na diski ile iliishia pabaya. Mufasa amekufa bondeni chini ya kwato za nyumbu, Scar amemwambia Simba mdogo kwamba kosa ni lake, akimbie asirudi tena, na mtoto yule anakimbilia nyikani huku fisi wakimwandama. Hapo kioo kinakuwa cheusi. Sisi watoto tukapiga kelele kwamba filamu imeharibika. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Akasema, "Haijaharibika. Hivyo ndivyo ilivyo." Akatoka kwenda kuzima jenereta.

Sikumwelewa siku hiyo. Nilimwelewa nilipokuwa mkubwa, tena si kwa maneno yake bali kwa maneno ya shangazi yangu. Baba alizaliwa mwaka 1973. Serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, ilipoanguka Aprili 1979, watu wa West Nile walibebeshwa makosa yake, hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki. Mwishoni mwa mwaka 1980 vita vilipofika kwetu, watu kwa maelfu walivuka mipaka. Koboko inapakana na nchi mbili. Mtu akikimbia anaweza kuamkia Sudan au Zaire, kwa kutegemea tu njia aliyoshika. Babu aliuawa siku hizo. Nyanya, akiwa na shangazi yangu mchanga mgongoni, alisukumwa na umati upande wa Zaire. Baba, mwenye miaka saba, alishikwa mkono na majirani waliokuwa wakielekea Sudan. Mama na mwana hawakuonana tena hadi mwaka 1987.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa nyumbani kwetu tulikuwa na filamu ambayo mtoto anakimbia na harudi. Watoto wenzangu walinisimulia mwisho wake, lakini kila mmoja kwa namna yake: huyu akisema Simba anamla mjomba wake, yule akisema anaoa na kuhamia msituni. Sikumwamini hata mmoja. Nadhani hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Anayekusanya matoleo ya filamu moja hudhaniwa kuwa ana mapenzi yaliyopita kiasi. Mimi nilianza kwa sababu nilipunjwa nusu.

Nakala ya tatu niliinunua mwenyewe mwaka 2016, nikiwa kidato cha kwanza Arua. Ilikuwa DVD ya zile tunazozijua sote, zenye filamu ishirini ndani ya diski moja. Jaladani Simba alisimama bega kwa bega na panda na samaki wa filamu nyingine, na maneno ya Kiingereza yalikuwa yameandikwa na mtu aliyeyasikia kwa mbali. Bei yake ilikuwa shilingi 2,000. Ukibana filamu ishirini mahali palipotengenezewa filamu moja au mbili, lazima kitu kiumie, na kilichoumia ni picha: nyasi za mbuga zilikuwa miraba ya kijani, na simba aliyesimama mbali hakuwa na uso. Lakini filamu ilikuwa kamili. Jumamosi moja mwalimu wa zamu alituruhusu kuitazama katika ukumbi wa chakula, nami nikaona, kwa macho yangu, kwamba Simba anarudi.

Nilipofika nyumbani likizo sikusubiri hata kuvua viatu. Baba alikuwa uani ananoa jembe.

"Baba, anarudi."

"Nani?"

"Simba. Kwenye ile filamu. Anarudi kwao."

Aliendelea kunoa. Kisha akauliza, "Akirudi, nani anampokea?"

Nilifungua kinywa nikakosa jibu. Nilikuwa nimeangalia vita, moto na mvua. Katika ile miraba ya kijani sikuona ni nani aliyempokea.

"Basi bado hujaiona," alisema Baba.

Tangu siku hiyo, kila nilipokuta toleo jingine la filamu hii, nililinunua. Nilijiambia kwamba natafuta picha iliyo safi zaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta jibu la kumpelekea Baba, na kwa kuwa nilikuwa na aibu ya kuuliza swali lake waziwazi, niliendelea kununua diski.

Nakala ya nne ni ya Kiganda. Wasomaji wa Kampala hawahitaji kuelezwa habari za ma-VJ, lakini wenzetu wa nchi jirani pengine wanahitaji. Katika vibanda vya video vya Uganda filamu haitazamwi hivi hivi. Yupo mtu mwenye kipaza sauti anayeitafsiri papo hapo, anaongeza vichekesho, anawaambia watazamaji nani ni mwema na nani ni mwovu. Akina VJ Jingo na VJ Junior wamekuwa mashuhuri kuliko waigizaji wenyewe. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na Kenya inaye DJ Afro. Msimulizi wa nakala yangu hakujitaja vizuri, lakini namwenzi. Kwake yeye Scar ni baba mdogo anayetaka kuuza shamba la ukoo huku hati ikiwa bado kwa kaka yake. Nilicheka hadi machozi, kwa sababu baba wadogo wa namna hiyo tunao Koboko pia. Hata hivyo msimulizi yule alipofika kwenye kurudi kwa Simba alikuwa amechoka. Aliruka mambo mengi, akatangaza namba yake ya simu, akaendelea na vita.

Nakala ya tano ni ya Kifaransa. Niliipata Ariwara, upande wa Kongo, kwenye soko ambalo watu wa Arua wamelizoea kama lao. Muuzaji alinisemesha Kibangala, nikamjibu Kiswahili, naye akageukia Kiswahili chake cha Kongo, tukaelewana bila shida. Alinihakikishia kwamba diski ni halali kwa kuwa ilikuwa na alama ya eneo namba 2. DVD, kama mnavyojua, zilitengwa kwa maeneo: Marekani namba 1, Ulaya ya Magharibi namba 2, na sehemu kubwa ya Afrika namba 5, ili diski ya kwao isichezeke kwetu. Mashine nyingi za bei nafuu zilizofika West Nile hazikuijali mipaka hiyo. Zilicheza zote. Nadhani ndizo wananchi bora wa mpakani.

Nakala ya sita ni ya Kiarabu, na hii ndiyo iliyonitia mashakani. Nilinunua mwaka 2019 pale mjini Koboko, kwa mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka bidhaa Sudan Kusini kupitia Oraba. Disney waliitafsiri filamu hii kwa Kiarabu cha Misri, nami nilifikiri itamfurahisha Nyanya. Nyanya yangu ni Mnubi. Wahenga wake walikuwa miongoni mwa askari wa Emin Pasha ambao Lugard aliwakuta Kavalli, kando ya Ziwa Albert, mwaka 1891 akawaleta kutumikia Waingereza. Lugha yake, Kinubi, ilizaliwa kutokana na Kiarabu, ingawa imekwenda njia yake yenyewe. Maji kwake ni moyo. Nilipokuwa mdogo niliposikia Nyanya akiomba moyo, nilidhani ana huzuni.

Tukaitazama pamoja. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini masikio yalikuwa mazima. Alishika neno hapa na neno pale, akacheka Kiarabu cha Wamisri kinavyoimba. Kisha fisi wakatokea, na mmoja akamwita mwenzake kwa jina.

"Amemwita nani?" Nyanya aliuliza.

"Shenzi. Ndilo jina la yule fisi jike."

Aliinuka. Aliuchukua mkeka wake aliokuwa akiusuka akatoka nje, na siku hiyo hakurudi sebuleni.

Jioni alinieleza. Baba yake alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Alirudi na medali, na alipenda kuwachekesha watoto kwa hadithi za meli na mvua za huko. Lakini neno shenzi halikutamkwa nyumbani mwake. Mtoto aliyelitamka alichapwa hata kama alilisema kwa mbuzi. Ndilo neno ambalo afisa wao alilitumia paredini kila asubuhi, badala ya majina yao.

Nilirudi kwenye sanduku langu nikazipitia nakala zote. Kwa Kiingereza ni Shenzi. Kwa Kifaransa ni Shenzi. VJ wa Kiganda amebadilisha karibu kila kitu, lakini Shenzi amemwacha. Na ilipotolewa filamu mpya mwaka huo huo wa 2019, fisi wengine wawili walipewa majina mengine, yeye akabaki Shenzi. Mtu aliyelichagua jina hilo huenda aliliona tu katika kamusi, likampendeza kwa sauti yake. Neno lililotumiwa kumtweza babu ya baba yangu likawa kichekesho cha watoto wa dunia nzima. Na ajabu nyingine ni kwamba maneno hakuna matata, ambayo Them Mushrooms wa Kenya waliyaimba mwaka 1982, Disney waliyasajili Marekani kuwa alama yao ya biashara kwenye fulana. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini kwenye mtandao kupinga jambo hilo. Kwa matata tulilalamika. Kwa shenzi sijasikia aliyelalamika, isipokuwa Nyanya.

Nakala ya saba niliipata Kampala nilipojiunga na chuo. Ni DVD halisi ya mwaka 2003, diski mbili, jalada lake bado linang'aa, ya mtu aliyehama akaacha vitu vyake kwa wauza mitumba. Niliilipia pesa za chakula cha siku nne. Usiku ule nilipoitazama niliruka kitandani: katikati ya sehemu ya mwanzo, Zazu, yule ndege wa mfalme, alianza kuimba wimbo ambao sikuwahi kuusikia. Nilifikiri nimeuziwa bandia. Baadaye nilisoma kwamba wimbo huo ulitoka kwenye mchezo wa jukwaani wa hadithi hiyo hiyo, ukachorewa picha filamu iliporudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2002, ukatiwa kwenye DVD ya 2003. Kumbe katika nakala zangu saba, ile iliyo halali kuliko zote ndiyo iliyokuwa imeongezewa.

Nikiwa bado nashangaa, mhadhiri wetu wa fasihi simulizi alifundisha kwamba ngano haina nakala mama. Kila fanani huitoa upya kwa hadhira aliyonayo, na hadhira ikibadilika ngano nayo hubadilika. Wenzangu waliandika tu. Mimi nilihisi kama anasoma yaliyomo ndani ya sanduku langu.

Hapa lazima nikiri jambo, maana walimu wangu watalisoma. Nakala zangu nyingi si halali. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, nami nimeisoma. Sijitetei. Ninasema tu kwamba kule kwetu nakala halali haikuwahi kuja. Siku hizi hata hizo zisizo halali zinapotea: kibanda nilichonunulia diski yangu ya kwanza Arua sasa kinapakia filamu kwenye flashi na kadi za simu, na diski zilizobaki zimetundikwa shambani kufukuza ndege.

Sasa nifike mwisho, ambao ni Desemba ya mwaka 2024.

Mwaka ule umeme wa gridi ya taifa ulifika West Nile, lakini kwetu nje ya mji bado tulitegemea sola. Nilikuta macho ya Nyanya yamekwisha kabisa. Alinitambua kwa hatua zangu. Jioni ya pili aliniambia, "Leta ule mchezo wako wa simba."

"Nyanya, huwezi kuuona."

"Nimekuambia nataka kuuona? Nisimulie. Tena nisimulie kwa hicho Kiswahili unacholipiwa ada."

Niliangalia mlangoni. Kiswahili nyumbani kwetu si lugha nyepesi. Nyanya alikulia nacho kambini kwa baba yake. Baba alijifunza maneno yake ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, ambako aliyekosa jibu alishushwa garini. Nilipochagua kusomea ualimu wa Kiswahili hakunikataza. Alisema tu, "Kuna lugha nyingi," akalipa ada. Na hata serikali ilipotangaza mwaka 2022 kwamba Kiswahili kitakuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, nikampigia simu kwa furaha, alisema, "Vizuri, utapata kazi."

Nilifungua kompyuta, nikaweka DVD ya 2003, nikapunguza sauti, nikaanza. Nilimweleza jua, twiga, tembo, na nyani anayemwinua mtoto juu ya jabali. Nilipofika kwa fisi nilikuwa nimejitayarisha. Nilisema, "Sasa wanatokea fisi watatu, mmoja jike."

"Jina lake?"

"Fisi Jike tu, Nyanya."

"Usinidanganye kwa sababu sioni. Lina jina, nililisikia."

Nikanyamaza. Kompyuta ikaendelea peke yake.

"Liseme," alisema. "Ukilificha, hawa watoto watadhani halikuwepo."

Ndugu zangu wadogo walikuwa wameketi mkekani. Nikasimamisha filamu. Nikasema jina, kisha nikawaeleza watoto wale maana yake, nani alilitumia, na nani aliitwa hivyo paredini. Nyanya alikuwa akitikisa kichwa polepole. Nilipomaliza akasema, "Haya, endelea."

Baba alikuwa nje, mgongo wake umeegemea ukuta, karibu na dirisha. Nilijua yuko pale kwa sababu redio yake ilikuwa imezimwa.

Nilipofika mahali diski yetu ya kwanza ilipoishia, pale mtoto anapokimbia, sauti yangu ilipungua, lakini safari hii kioo hakikuwa cheusi. Nilimsimulia Nyanya jinsi mtoto anavyokua ugenini akijifunza kula wadudu na kusema hakuna matata wakati matata yapo. Nilimsimulia anavyorudi na kuikuta nchi kavu, mito imekauka, mifugo ya porini imehama. Kisha nikaifuata picha polepole, kwa maana nilikuwa na swali langu la mwaka 2016. Sarabi, mama yake, yupo pale jabalini, amezeeka, Scar amempiga. Simba anatokea katikati ya moshi. Mama anamtazama akidhani ni mume wake aliyekufa. Anamwita kwa jina la baba yake.

"Hamjui?" Nyanya aliuliza.

"Hamjui. Alimwacha mdogo. Mpaka mwenyewe aseme, 'Ni mimi.'"

"Halafu?"

"Halafu anauliza inawezekanaje awe hai."

Nyanya hakusema kitu. Nikamwambia kwamba jina la yule mama ni Sarabi, yaani mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana barabarani wakati wa jua kali. Kutoka dirishani sauti ya Baba ikaingia, kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema na mama yake.

"Mama, siku ile pale sokoni ulikuwa umevaa leso ya kijani."

Nyanya aligeuza uso kuelekea dirishani, kana kwamba anaona.

"Haikuwa yangu," alisema. "Niliazima. Waliniambia kuna kijana ametoka Sudan anafanana na marehemu. Sikutaka unikute na matambara."

"Mimi nilipita."

"Ulipita. Ulinitazama ukapita, nami nikakutazama nikakuacha upite. Ni mwenye duka aliyekuita kwa jina."

Walizungumza hivyo kwa muda mrefu, yeye ndani, Baba nje, na mimi katikati nikiwa na kompyuta magotini na simba waliosimama kimya kwenye kioo. Sikuyajua hata nusu ya waliyoyasema. Mengine hayanihusu mimi kuyaandika hapa. Betri ilipokwisha hakuna aliyeona.

Jambo moja sikuwa nimewaambia: tangu mwanzo wa usimulizi ule simu yangu ilikuwa inarekodi, kwa kuwa nilitaka kuipeleka kwa mhadhiri wangu kama kazi ya fasihi simulizi. Sikuipeleka. Niliwaomba ruhusa baadaye. Nyanya alikubali mara moja, Baba aliomba nikate sehemu moja, nikaikata mbele yake. Rekodi iliyobaki ina saa moja na dakika arubaini na tatu. Ina jogoo aliyekosea saa, kikohozi cha mdogo wangu, na Shenzi na maelezo yake. Haina mwisho wa filamu, kwa sababu hatukufika huko. Kadi yake nimeifunga kwa nailoni nikaandika juu yake: Koboko, 2024.

Kwa hiyo wenzangu wa chumbani, sasa mnajua. Simba ni saba, na wa nane hana picha. Bado natafuta toleo la Kizulu, lugha ya kwanza ya Kiafrika ambayo Disney waliitafsiria filamu hii. Na iwapo yupo mtu Arua aliyefungua kasha la VCD miaka ile akakuta diski ya pili mara mbili, tafadhali anitafute. Moja ya hizo ni yetu.